Plagi Aliyoivunja Daktari

Tulimwita Daktari kwa sababu alikuwa akifungua plagi ya pikipiki, anaigeuza kwenye mwanga, kisha anakutajia ugonjwa wa injini kabla hujamaliza kulalamika. Ikiwa nyeusi yenye mafuta, ringi zimekwisha. Ikiwa nyeupe kama chaki, injini inachemka kupita kiasi. Mimi naziba pancha kwenye banda lililopakana na lake, mwaka wa kumi na saba sasa, na sijamwona akikosea kwenye plagi hata mara moja. Kwenye mengine alikosea kama sisi sote.

Alikuwa na msimamo mmoja ambao ungeweza kumgombanisha hata na malaika. Mteja akija na plagi ya bei ghali, ile yenye ncha nyembamba kama sindano, Daktari humsomea hotuba. "Itadumu, sikatai. Lakini haikuongezei mbio, wala huoni tofauti kwenye mafuta. Injini ndogo hii, ya kawaida inatosha. Umeliwa, ndugu yangu." Na plagi kuukuu akishaitoa, haiachi nzima. Huiweka juu ya chuma, akaipasua kauri yake kwa nyundo, ndipo akaitupa kwenye kopo. Wapo wajanja wanaookota plagi zilizotupwa, wakazisugua na kuziuza kama mpya, na yeye hakutaka kuwalisha.

Pikipiki yake mwenyewe sasa! Tuliiita Bi Kizee. Mganga hajigangi. Haikuwaka bila kupigwa kiki sita, saba, na goti la kulia la Daktari lilikuwa limeharibika kwa kazi hiyo. Kila Jumanne alimpeleka mkewe kliniki, na kila Jumanne tuliwatazama: shemeji amesimama kando na mkoba wake, mumewe anapiga kiki huku ameuma meno, nami nahesabu kwa sauti ili niwachekeshe. Shemeji hakuwahi kuicheka hesabu ile. Sikujiuliza kwa nini.

Siku moja akaja bandani na kiboksi kidogo, akamkabidhi mumewe kwa mikono miwili.

"Zawadi ya Bi Kizee hiyo," akasema.

Daktari akafungua, akaiona ile ncha ya sindano, akaangua kicheko. "Jamani, njooni muone! Mke wa fundi kaliwa!"

Tukaja. Tukacheka, na niliyecheka kuliko wote ni mimi. Nikasema Bi Kizee atavimbiwa, hajazoea vya gharama. Shemeji naye akacheka kidogo, akaketi kwenye kigoda. "Haya, mume wangu. Wewe ndiye unayejua."

Wakati huo Mwalimu, mteja wa siku zote, alikuwa anasubiri plagi, na za kawaida zilikuwa zimeisha. Daktari akamfungia ile ile, mbele ya macho ya aliyeinunua.

Miezi mitano baadaye tukamzika shemeji. Daktari alirudi kazini baada ya wiki mbili. Siku ya tatu ikaletwa pikipiki ya Mwalimu, inakohoa. Daktari akaifungua plagi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuigeuza kwenye mwanga. Akafunga nyingine. Ile aliyoitoa akaiweka juu ya chuma, akaipiga nyundo, akaitupa kwenye kopo. Mikono ilikuwa inafanya kazi yake, mwenyewe hayupo.

Alasiri ile ile akafika dada wa marehemu, kurudisha mkoba uliokuwa umebaki kwake. Ndani mlikuwa na kile kiboksi, kitupu, kimekunjwa vizuri.

"Shemeji, ile plagi uliifunga?" akauliza.

Daktari akainamia spana zake.

"Maana alinisumbua mpaka nikamsindikiza dukani. Akamwambia muuzaji, sitaki ya mbio, sitaki ya kupunguza mafuta. Nipe inayowaka kwa kiki moja. Mume wangu goti limemwisha kwa ajili yangu."

Nilitamani ardhi inimeze. Jumanne zote zile, mimi nahesabu!

Daktari akalichukua kopo, akalimwaga chini. Zilikuwa plagi nyingi mno, zote zimepasuka. Akapiga magoti, lile zima na lile bovu, akaanza kuzigeuza kwenye mwanga moja baada ya nyingine. Nikapiga magoti pembeni yake nikawa nazitenga. Aliipata mwenyewe. Ncha ilikuwa bado nyembamba, nzima kabisa. Kauri ilikuwa na ufa toka juu mpaka chini.

Akasimama kwa shida, akaenda nayo kwenye Bi Kizee. Akaitoa plagi iliyokuwamo, akaifunga ile kwa uangalifu ambao sijamwona akiufanyia pikipiki ya mteja yeyote. Miaka ishirini na sita ya ufundi, na hakuna kati yetu aliyejua kuliko yeye kwamba plagi iliyopasuliwa hivyo haiwashi kitu.

Akapiga kiki. Akapiga tena. Dada wa marehemu alikuwa ameinamia kile kiboksi, analia. Safari hii sikuhesabu.

"Daktari, goti," nikamwambia. "Unajua haiwezi kuwaka."

"Najua," akasema. "Niache. Aliniletea niijaribu."

Akapiga tena.