Centa Iliyozaliwa Kwenye Matope

Watu husema miji huanzishwa na reli au misheni. Yetu, huku upande wa Kimulot, ilianzishwa na matope, na anayebisha aje tubishane.

Miaka ya tisini mvua ilikuwa haituachi. Lori la kuchukua majani ya chai likishuka kwenye bonde letu, lilikuwa linakwama tu. Wakulima tunasukuma, tunateleza, tunatukanana, halafu njaa inaingia. Shangazi yangu aliona hayo, akaja na sufuria ya chai na beseni la mandazi. Kufa kufaana, alisema. Baadaye akaezeka mabati, ikawa hoteli. Akaja kinyozi. Akaja mama mmoja wa kutoka ziwani na omena zake, wale dagaa, akasema anangoja barabara ikauke aende zake. Wapi! Akajenga kibanda. Hapo tukajiita centa.

Kisha diwani akatangaza kwamba serikali inaleta murram, changarawe ya kumaliza matope barabarani. Woi, tulivyocheza! Mimi nilirukaruka mpaka kiatu kikanitoka. Shangazi peke yake alikuwa amenuna.

"Chezeni," alituambia. "Mnacheza kwenye matanga yenu wenyewe."

Tukamcheka.

Greda ilipofika, shangazi alibadilika ghafla, akawa mkarimu kupita kiasi. Alimwita dereva, akampakulia mlima wa ugali na kuku mzima, akamshushia na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kulala. Nilielewa mara moja: anataka alale, siku ipite, mvua inyeshe, greda nayo izame. Dereva alilala kweli, tena kwa kukoroma. Alipoamka akajinyoosha, machozi yakimlengalenga.

"Mama, hata nyumbani sijawahi kulishwa hivi. Hapa mbele yako nitapiga murram mara mbili. Na mitaro nitakuchimbia pande zote."

Shukrani ya punda ni mateke, lakini huyu jamaa alishukuru kwa mashine ya serikali.

Mvua iliyofuata, tulisimama kuangalia. Shangazi alikuwa amepanga vikombe kama kawaida. Lori likashuka, likapanda, dereva akapiga honi na kutupungia mkono. Halikupunguza hata mwendo. Shangazi alibaki ameshika birika, na kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma.

Akang'oa mabati yake, akayabebesha punda, akahamia bonde lingine kule chini ya Mogogosiek. Mama wa omena akamfuata. Kinyozi naye hakukawia. Sisi tukabaki na barabara safi, hakuna mahali pa kununua hata kiberiti.

Siku moja kiu ilinizidi nikamtafuta. Lori lilikuwa limezama mpaka ekseli, hoteli imejaa watu. Nikaketi. Akanimiminia kikombe, akauliza kwa upole:

"Barabara yenu ikoje siku hizi?"

"Ni nzuri sana, shangazi."

"Basi kanywe hiyo barabara," akasema, na kikombe changu akampa dereva wa lori.