Taratibu Hachomoi Waya

Mume wangu walimwita Taratibu, na jina hilo alilipata kihalali. Mtu akileta kompyuta iliyokufa, yeye kwanza ataifuta meza, atavaa miwani, ataandika daftarini kila alichoambiwa, kisha atauliza upya. Habadilishi vitu viwili kwa mpigo. Waya kwanza. Waya ukiwa mzima, tundu la kuchomekea. Tundu likiwa zima, ndipo aiguse diski. Mdomo wa duka nilikuwa mimi: wateja wakinuna nawatania, wakizidi nawachamba kidogo. Miaka kumi na moja tumekula kwa kazi hiyo, na mara ngapi sijui nimemwambia, "Wewe utakufa umeshika bisibisi." Anacheka tu.

Asubuhi moja aliingia mshonaji wa jengo la pili, mtandio umemfunika nusu ya uso. Alipouondoa nikajikuta napiga kelele, "Mungu wangu!" Jicho limefumba, mdomo umepasuka, shingoni alama za vidole unaweza kuzihesabu. Kwapani alikuwa na kompyuta ya mpakato na diski ya nje.

"Dada, kesi yangu inasikilizwa saa nane mchana," alisema. "Nisipopeleka hii, anarudi nyumbani leo. Akirudi ataniua."

Alikuwa amefunga kamera kwenye chumba cha kushonea kwa sababu vitambaa vilikuwa vikiibwa. Mwizi hakunaswa. Aliyenaswa ni mumewe, mchomelea vyuma, siku alipomfungia mle ndani. Mwanamume huyo alikuwa nje kwa dhamana, amekatazwa kukaribia nyumba, na akila kiapo kwamba mkewe aliteleza ngazini. Ndugu zake wawili nao wakaapa hivyo hivyo, macho makavu. Kamera ilihifadhi video kwenye kompyuta hiyo na kujifuta yenyewe kila baada ya siku saba, na hii ilikuwa ya saba. Karani wa mahakama alikuwa ameshasema: leta kwenye diski, si kwenye simu.

"Nimejaribu tangu alfajiri, inakataa," mshonaji alisema. "Inaniambia faili ni kubwa mno. Na diski ina nafasi tele!"

Taratibu akafuta meza. Nilitamani kumzaba kibao. Akabadilisha waya, ikakataa. Akahamia tundu jingine, ikakataa. Akaangalia nafasi: faili lilikuwa la gigabaiti tisa, na diski ilikuwa na mia nne zilizo wazi. Akaguna, akafungua ukurasa unaoonyesha diski imeandaliwaje.

"Hii ilifomatiwa kwa mtindo wa zamani. Nani aliifanya hivi?"

"Mume wangu. Ili isomeke kwenye runinga yetu nzee."

"Basi hapo ndipo ugonjwa ulipo. Mtindo huu haupokei faili moja linalozidi gigabaiti nne, hata diski iwe tupu kabisa. Lazima niifomati upya, na kila kilichomo kitafutika. Mna nini humu?"

"Sinema zake za ngumi."

"Zote zitaondoka, dada."

"Futa, kaka. Futa hata kivuli chake."

Tukacheka, sisi wote watatu, yeye ameshika mdomo wake uliopasuka.

Taratibu akafomati, akaifungua video kidogo kuhakikisha ni nzima. Nikaona mwanamke akiburutwa kwa nywele hadi kwenye cherehani, kichwa kinagongeshwa kwenye meza, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikageukia ukutani.

"Kata kipande hicho tu, uwawekee," nilimwambia. "Kitanakiliwa upesi, tumalize."

"Kitu cha mtu hakikatwi. Tukikata, wakili wa mumewe atasema tumekichezea. Dakika kumi na nane, mama watoto. Vumilia."

Kunakili kulikuwa kumefika asilimia sitini mlango ulipopigwa teke. Mchomeleaji alikuwa amerudi nyumbani kwa siri, akakuta diski yake haipo, akaulizia mtaani, na watu wenye midomo mirefu wakamwelekeza. Mkononi alikuwa na nondo.

"Nipeni diski yangu."

Taratibu akasimama mbele ya meza, mkono mmoja nyuma umekamata waya usichomoke. "Ngoja imalize," akasema. Jamani! Mtu ana nondo, wewe unamwambia ngoja imalize!

Pigo la kwanza lilimpata begani. Nilisikia mfupa ukivunjika. La pili usoni. Miwani ikapasuka na vioo vikaingia jichoni. Akapiga magoti, lakini badala ya kukimbia akaifunika kompyuta kwa kifua chake, na yule mnyama akaendelea kumshindilia mgongoni. Nikanyakua chombo cha kulehemu kilichokuwa kimechomekwa kwenye umeme, nikamchoma nacho shingoni, nikakandamiza. Ngozi ilinuka. Sitadanganya, nilifurahi. Akanipiga teke la tumbo, nikaanguka. Mshonaji akamrukia mgongoni, akamng'ata sikio, akatema kipande sakafuni. Kinyozi na majirani wakaingia, wakamlaza chini, wakampiga mpaka polisi walipokuja ikabidi wamwokoe yeye.

Katikati ya vurugu hizo kompyuta ikatoa mlio. Imemaliza.

"Iondoe salama kwanza," Taratibu akaniambia, damu ikidondokea vitufe. "Usichomoe hivi hivi." Nikabonyeza. Ndipo alipoachia waya, na papo hapo akazimia.

Kaka yake alimpeleka hospitali. Mimi nikamsindikiza mshonaji mahakamani, gauni limelowa damu ya mume wangu. Wakili wa mchomeleaji akasimama: video imekatwakatwa. Fundi wa mahakama akaikagua mbele ya wote, akasema ni nzima, yenye urefu wa saa mbili kamili, haikuguswa. Wakili akakaa. Hakimu akaanza kutazama. Dakika ya nne akainua mkono.

"Zima. Imetosha."

Dhamana ikafutwa pale pale, na baadaye mchomeleaji alifungwa miaka tisa. Mshonaji alinikumbatia akilia, nami nikalia, lakini kilio changu kilikuwa na hasira. Dakika nne! Najua zingekuwa peke yake wakili angezitupilia mbali. Najua Taratibu alikuwa sahihi. Kujua hakunipozi hata leo.

Jioni nilimkuta Taratibu kitandani, kichwa kizima kimefungwa bandeji. Daktari alishaniambia koridoni kwamba jicho la kulia limeondolewa.

"Ilifunguka?" akauliza.

"Ilifunguka."

"Haikukwama popote?"

"Haikukwama."

Akatafuta mkono wangu kwenye shuka. "Waliitazama yote?"

"Yote, baba watoto," nikamwambia. "Mpaka mwisho."