Stetasi ya Nguo za Kichanga

Jamani, hili nalisimulia huku nimejifunika uso na mtandio, mnicheke taratibu. Nina fremu ya nguo za watoto Kariakoo, Mtaa wa Kongo, ila wateja wengi nawapata WhatsApp, na Bongo mnaijua, mtu hatumi hela mpaka aone wenzake wametuma na mzigo wakapata. Basi dada mmoja wa Ilala, Sabra, akaagiza seti mbili za kichanga, akaniandikia jina na mtaa anaokaa, akaomba zifungwe kwenye mfuko mweusi. Alipozipokea akaandika, "Asante, nimezipenda." Mimi na kiherehere changu nikapiga skrinishoti, nikabandika kopa jekundu juu ya namba (nikajiona mstaarabu kweli), nikarusha stetasi. Picha yake na jina viko palepale.

Hata saa haijaisha, wifi yake, kumbe naye mteja wangu, ananiuliza mimba ina miezi mingapi. Nikababaika. Badala ya kufuta na kunyamaza, nikarusha nyingine: samahani wapendwa, Sabra hana mimba. (Nani alinituma?) Mama mkwe wake, aliyeonyeshwa zote mbili na huyo wifi, akampigia mwanawe huku analia, akidhani mimba imetoka tena.

Kesho yake Sabra akaja mwenyewe, duka limejaa. Nilitegemea matusi, hayo ningeyajibu. Akasema polepole:

"Nimepoteza mbili. Hii tulikuwa tunaijua mimi na mume wangu tu, ndiyo maana sikuja kuchagua nguo hapa mbele za watu. Jina langu nilikupa uniletee mzigo, sikukupa utangaze. Sheria ya taarifa binafsi ipo, dada, na inakuhusu hata wewe wa fremu moja."

Nikajitetea eti namba si niliificha! Mteja mmoja akarudisha gauni kwenye henga, mwingine akaniomba nifute namba yake. Aibu niliyoiona, jamani!

Hakunishtaki. Alisimama mpaka nikafuta stetasi zote mbili na mazungumzo yetu, akaondoka, nami nikaenda kulia chooni kwa jirani, maana fremu yangu haina choo.

Siku hizi mzigo ukifika nafuta jina na mtaa, na maneno ya mteja sirushi tena hata anisifie vipi. Sabra kajifungua salama, nasikia. Wa kike au wa kiume sijui, na sijamuuliza mtu.