Nilimchagua Mtunza Mali kwa Sababu Nilimdharau

(Jina la aliyeleta barua hii limebaki kwetu. Maneno ni yake.)

Kamwene, wasomaji wa ukurasa huu. Mimi ni mjane wa miaka thelathini na minne, nina watoto wanne, nakaa upande wa Yakobi, Njombe. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, na hilo nalitaja mapema kwa sababu ndilo lililoniponza. Msinihurumie haraka. Mkimaliza barua hii huenda mkanicheka, na mtakuwa na haki.

Anayenitesa nitamwita Shemeji tu. Ni mdogo wa marehemu mume wangu, kabla ya msiba alikuwa akikaa Mahongole kule Makambako. Mwanamume gani yule! Anavaa koti hata jua likiwaka, anakohoa kabla ya kusema ili watu wanyamaze, halafu anasema upuuzi. Tangu niolewe sijamwona akimaliza tuta moja bila kukaa chini kunywa togwa. Leo mtu huyo ndiye ameshika mashamba ya wanangu. Kabichi zake zimejaa kwenye vinyungu vyangu, zile bustani za bondeni tunazolima kiangazi mlimani kukikauka. Wanangu wakipita anawaambia, "Nawatunzieni, wanangu." Anawatunzia! Anawatunzia tumboni mwake.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa. Miaka mitatu kabla ya kufariki, mume wangu aliniita bondeni asubuhi. Nikamkuta na mama yake na wazee wawili majirani. Akachukua jembe, akachimba mfereji kuzunguka vile vinyungu vyote, kisha akanikabidhi jembe mbele yao. "Kuanzia leo bonde hili ni la mke wangu na watoto wake," akasema. "Si langu tena." Mama mkwe akapiga vigelegele.

Mimi nikacheka. Wakati wa kurudi nikamwambia mume wangu, "Maneno ya bondeni yanabaki bondeni. Wenzako wanaojua mambo wanaandika wosia." Mama mkwe alikuwa nyuma yetu, anasikia kila neno. Sikujali. Kwangu mimi alikuwa bibi kizee asiyejua hata kuandika jina lake, basi.

Nilimsumbua mume wangu mpaka akachoka. Tukapanda lori hadi Makambako kwa karani mmoja anayewaandikia watu barua. Karani akasema mali ya watoto wadogo lazima iwe na mtunzaji, tena mwanamume. Mume wangu akamtaja mjomba wake, mzee mkali asiyependa mchezo. Nikakataa katakata. Yule angenichungulia hata chunguni. Nikasema, "Mweke mdogo wako."

Mume wangu akanitazama. "Huyu unayemwita bwege kila siku?"

"Ndiyo maana," nikamjibu.

Nilijua nitamwendesha ninavyotaka. Karani akaandika: mashamba yangu yote yawe mikononi mwa ndugu yangu, ayatunze mpaka watoto wakue. Mashamba yote, jamani! Hakuna aliyekumbuka kusema isipokuwa bonde. Nami mwenye darasa la nne niliisoma karatasi ile mara mbili, nikausifu mwandiko.

Kichomi kikamchukua mume wangu. Matanga hayajaondolewa, bwege wangu akakohoa, akaitoa karatasi mfukoni mwa koti. Wiki ile ile akahamishia jembe lake bondeni.

Nikamshtaki kwenye baraza la jumbe. Nikalia, nikasema amemlaghai ndugu yake mgonjwa akaandika asichokijua. Kanisani nako nimeyasema hayo hayo, na kina mama wamelia pamoja nami. Mzee wa baraza hakulia. Aliniuliza swali moja tu: "Hilo bonde marehemu alikupa akiwa hai?"

Nikasema ndiyo.

"Basi mtu hausii alichokwisha kukitoa. Ya mlimani shemeji yako atayatunza kama ilivyoandikwa, na tutamwangalia. Bonde karatasi hailifikii. Lete shahidi." Baraza likaahirishwa mpaka mwezi ujao.

Shahidi! Wale wazee wawili wote wamekwisha kufa. Aliyebaki ni mama mkwe.

Nikamfuata jikoni, nikapiga magoti. Alikuwa anapukuchua mahindi na hakuacha.

"Leo maneno ya bondeni yamepanda mlima?" akauliza.

"Mama, hawa ni wajukuu wako."

"Najua ni wajukuu wangu. Nitasimama niseme nilichokiona, hata kama huyu mwanangu aliyebaki atanichukia mpaka nife. Lakini wewe utaanza. Utasema mbele ya watu ni nani alimpeleka mume wako kwa karani, nani alimtaja mdogo wake, na kwa nini. Marehemu aliniambia yote. Huyu mwanangu ni mvivu, mlafi pia. Lakini hakumlaghai ndugu yake, na wewe unajua."

Miaka yote hiyo nimekaa na yule mama nikidhani hana kitu kichwani.

Haya. Nikisema, Shemeji atakenua meno yake yote barazani, mimi niwe ndiye mwongo, na wale kina mama walionililia sijui nitawatazamaje Jumapili. Nikinyamaza, mama mkwe naye atanyamaza, na wanangu watakwenda kuomba kabichi kwenye udongo aliowapa baba yao kwa mkono wake. Mnaweza kusema ni jambo dogo. Nimezoea kuwacheka watu, sijazoea kuchekwa, tena na bwege.

Kila asubuhi namwamkia mama mkwe, "Kamwene." Ananiitikia vizuri tu, halafu ananitazama mdomo. Ninyi mnaosoma, mnaomjua Mungu na mnaojua watu, nipeni ushauri. Nifanye nini? Na kama ni kusema, neno la kwanza nianze na lipi?