Mlango Ambao Anarkul Hajaufunga

Saa nne asubuhi, Anarkul Beyshenova amepiga magoti mbele ya kompyuta iliyowekwa juu ya sanduku la nguo, kwa sababu meza pekee ya nyumba hii ni ile fupi ya kulia chakula. Miwani imemshuka hadi ncha ya pua. Kwenye kioo kuna dirisha jeusi lenye maandishi meupe, na mwenye nyumba, Mzee Kadyrkul, analitazama kwa mashaka yale yale anayomtazamia daktari wa mifugo.

"Neno la siri umeweka lipi, baba?"

"Majina ya baba zangu saba, mfululizo, bila nafasi."

"Na ni nani anayajua hayo majina?"

"Asiyeyajua si mtu wa ukoo wetu."

"Basi ukoo mzima unaweza kuingia humu."

"Wakija mlangoni huwa nawapa chai," mzee anajibu. "Humo ndani sijui nitawapa nini."

Anarkul anacheka kidogo. Kosa hilo amelikuta karibu kila nyumba hapa kwetu Naryn, milimani. Watoto wetu hukariri mababu saba kabla hawajajua kuandika, na wakikua wanaona hakuna neno la siri gumu kuliko hilo. Ni kweli mgeni wa mbali atahangaika nalo. Ila binamu mwenye kinyongo halimpi shida hata kidogo.

Kompyuta hii ina daftari la malisho: nani anapeleka kondoo wangapi kwenye mlima upi, na lini. Mtu akilichezea, majirani watashikana mashati kiangazi kizima. Macho ya mzee yamechoka, kwa hiyo kuanzia leo binti yake Nurzat, anayefanya kazi mji mkuu, Bishkek, atakuwa analijaza akiwa huko huko.

Anarkul anatengeneza jozi ya funguo. Nusu moja inabaki kwenye kompyuta ya mzee, nyingine haitoki kwenye kompyuta ya Nurzat. Zikikutana, mlango unafunguka bila mtu kutaja neno lolote. Kisha anampigia binti simu.

"Nimeingia, shangazi," anasema Nurzat.

"Toka. Ingia tena."

"Si nimeshaingia?"

"Ingia tena, mama. Mimi hapa dirisha langu la kwanza sijalifunga. Wengi hufunga neno la siri kwa mbwembwe, halafu wanagundua ufunguo haufanyi kazi, wamejifungia nje."

Nurzat anaingia mara ya pili. Ndipo Anarkul anapozima njia ya neno la siri, na baba saba wa Mzee Kadyrkul wanapumzika.

Anarkul ana miaka 56. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mwendeshaji wa simu mjini, akichomeka waya huku na kule ili watu wasikilizane. Mitambo ilipobadilishwa na yeye na wenzake wakaachishwa, alijifunza kompyuta kwa mwanawe, Emilbek. Sasa anatoza som 600 kwa nyumba. Mwezi mzuri una nyumba saba. Kuna miezi ya nyumba moja.

"Maisha yangu yote nimeunganisha watu wengine," ananiambia mimi niliyefuatana naye leo, na wala halalamiki. Anasema kama mtu anayetaja kimo chake.

Anapokusanya vitu vyake, mzee anammiminia chai na kumuuliza, kwa upole kabisa: "Na kwako wewe, umefunga namna hii?"

Anarkul anakoroga chai ambayo hajaitia sukari.

"Hapana," anasema.

"Na mambo yetu, jinsi ya kuingia kwetu, umeyaandika wapi?"

"Kwangu."

Mzee hakumgombeza. Alimsogezea mkate tu, na hilo, Anarkul aliniambia tukiwa njiani, lilimuumiza kuliko kugombezwa.

Nyumba yake ina vyumba viwili na jiko la makaa. Kompyuta iko dirishani, inawaka mwaka mzima. Ananionyesha orodha ya waliogonga tangu jana: majaribio zaidi ya elfu nne, yote ya mashine za watu asiowajua, zinazobahatisha maneno ya siri moja baada ya jingine. Mteja yeyote angemwonyesha orodha hiyo, angemwamuru azime neno la siri papo hapo.

Yeye halizimi kwa sababu ya Emilbek, aliyekuwa akiingia humu kutoka mbali kutazama mambo ya nyumbani. Kijana huyo ana miaka 27 na alikwenda Moscow kujenga maghorofa. Kompyuta yake iliibiwa bwenini, na ufunguo wake ukaenda nayo. Kilichobaki kichwani mwake ni neno la siri. Mama akilizima, mwana hana pa kupitia.

Mara ya mwisho Emilbek aliingia mwaka mmoja na miezi saba iliyopita, siku nne kabla baba yake hajafariki. Kwenye mazishi ukoo ulimchinja Karager, farasi ambaye Emilbek alimlea tangu farasi huyo ana wiki moja. Mazishi ya mwanamume bila nyama ya farasi ni aibu, na farasi mwingine hapakuwa. Emilbek hakuulizwa.

"Alinipigia siku ya tatu," anasema Anarkul. "Akaniuliza, 'Na wewe ulimla, mama?' Ningemdanganya? Nilikula. Nilikuwa mjane, nimewekewa sahani mbele ya watu. Akakata simu. Ile namba haikupatikana tena."

Hajui anakoishi. Wenzake wa zamani wanasema alihama kazi. Kila asubuhi kabla ya chai anasoma orodha ya wageni, akitafuta jina moja.

Siku tisa baadaye aliniita. Sakafuni palikuwa na kompyuta nyingine, kuukuu, aliyoinunua kwa fedha alizokuwa anawekea buti za baridi. Mambo ya nyumba zote 43 alizozihudumia yamehamia humo, na humo haingii mtu bila ufunguo. Neno la siri limezimwa. Tayari alikuwa amerudi kwa Mzee Kadyrkul kumweleza.

"Alisemaje?"

"Alisema, 'Sawa, binti yangu. Na mtoto je?'"

Mtoto amebaki kwenye ile ya dirishani. Anarkul ameifuta yote na kuibana: anayeingia kwa jina la Emilbek hawezi kuandika wala kufuta, na kutoka humo hawezi kufika kompyuta nyingine yoyote. Anaweza kutazama folda moja tu, yenye picha 212 za Karager, kuanzia wiki ile ya kwanza akiwa miguu mirefu tu hadi vuli ya mwisho.

"Mwizi akibahatisha, aangalie farasi," anasema. "Vuli ijayo nitaanza kuwafundisha wanawake wa mtaa huu kazi hii, wawili watatu, nisiwe peke yangu. Hiyo mashine sitaizima."

Namuuliza kama ameacha humo barua kwa mwanawe.

"Niliandika, nikafuta. Akiona maneno yangu atatoka." Anavua miwani na kuifuta kwa ncha ya kitambaa chake. "Sihitaji anisamehe leo, wala aniandikie. Aingie tu, nijue yu hai."