Nusu Kichwa cha Mwenye Kituo

Msusi hakumpeleka binti yake kwa Bi Mkeka, bibi anayelea watoto wa watu nyumbani kwake, kwa ujinga, kama walivyodai wenye maneno yao. Kituo cha kulelea watoto chenye kibali kilikuwa mtaa wa pili, kuta zimechorwa wanyama, ila kilifunga saa kumi na moja, na wateja wa saluni ndiyo kwanza hutoka kazini saa hiyo. Siku moja alichelewa, kichwa cha mtu kiko mkononi. Alimkuta mwanawe nje ya geti kwa mlinzi, kamasi na machozi, mkojo umemkaukia. Tangu hapo, Bi Mkeka. Kibali hana, lakini mama akichelewa, mtoto analishwa, anaogeshwa, analazwa pamoja na wajukuu wake. Wewe ungekataa?

Mwenye kituo alipoona watoto wanampungukia, akapeleka maneno kwa afisa ustawi kwamba Bi Mkeka huwanywesha watoto dawa ya usingizi. Uongo mtupu, jamani! Bi Mkeka akapigwa marufuku, na binti akawa anashinda saluni, katikati ya pasi za nywele na maji ya moto. Haikupita wiki akaungua kiganja. Msusi alilia kwa hasira, akaapa kwamba yule mwenye kituo atamlipa.

Mungu si Athumani. Jumamosi mwenye kituo akaingia saluni, mdogo wake anaolewa jioni ile. Hakumtambua msusi, getini alizoea kutazama saa, si nyuso za watu. Akafumuliwa, akaoshwa, akasukwa upande mmoja mpaka kisogoni. Hapo msusi akaweka kitana chini.

"Mpigie afisa, mwalimu. Mwambie ulimsingizia Bi Mkeka. Weka sauti, wote tusikie."

Mwenye kituo akacheka, kisha akajitazama kiooni: kulia bibi harusi, kushoto kichaka. Akafoka, akabembeleza, akataja polisi. Wateja wakamkodolea macho tu. Mwishowe akapiga, akasema yote. Afisa akamwambia wataonana Jumatatu, na kwamba Bi Mkeka anaruhusiwa kupokea watoto tena.

Ungedhani yameisha. Thubutu! Msusi akarudi kwenye nusu iliyobaki, akaikaza kila msuko mpaka nyusi zikapanda na macho yakagoma kufumba.

"Unaniumiza, mdogo wangu."

Msusi akamwita binti yake asogee, mkono umefungwa bandeji.

"Vumilia, mwalimu. Huyu naye hulia hivyohivyo nikimsafisha kidonda."

Na wala hakulegeza.