Fahmo na Laini ya Mama Kate

Tangu friza yake izimike, Fahmo hakuwa amekaa kitako. Akikaribishwa kiti alikishika kwa mkono, akazungumza wima, akaondoka. Majirani zake wa Bulla Pesa walimwambia apumzike kidogo, naye aliwajibu, "Maziwa yakipumzika yanachacha," akashika njia. Na kweli, maziwa ya ngamia hayamngoji mtu. Yanafika Isiolo saa saba mchana kwa gari kutoka Korbesa, yameshapigwa jua na vumbi njia nzima. Usipoyatia kwenye baridi siku hiyo hiyo, kesho yake unawamwagia mbwa.

Jumatano Hersi alimpigia simu kutoka Eastleigh. Hersi ndiye mnunuzi wake mkubwa, mtu wa maneno mengi na malipo ya haraka.

"Salaam aleikum, Magdaline wetu!"

Huo ulikuwa utani wao wa miaka. Laini ya Fahmo imesajiliwa kwa jina la Magdaline Kendi, Mmeru mwenye duka la M-Pesa kule Wabera, anayeitwa Mama Kate kwa jina la mtoto wake, kwa sababu Fahmo hana kitambulisho. Kila Hersi akituma pesa, simu inamwambia amemtumia Magdaline. Basi akamwita hivyo mpaka likawa jina.

"Aleikum salaam. Sema."

"Ramadhani inaingia wiki ijayo. Nataka lita sitini kila siku, zimeganda, kuanzia Jumatatu. Mwezi mzima. Friza unayo?"

"Ninayo," Fahmo akasema. Uongo mtupu! Friza yake ilikuwa imekufa wiki mbili, na fundi alikuwa amesema wazi kwamba huyo ni wa kuzikwa.

"Nitauliza tena Ijumaa. Kama huna niambie, nimpe mwingine."

Lita sitini kwa siku, mwezi mzima. Kwa Fahmo hiyo ilikuwa karo ya mwaka ya mwanawe Abdiladif, na kodi ya nyumba juu yake. Akipewa mwingine mwezi huo, atapewa na miezi ijayo, maana mnunuzi akishazoea mlango haubadilishi. Kuria, muuza vitu vya mitumba, alikuwa na friza moja nzuri ya elfu thelathini na nane. Fahmo alikuwa na kumi na tano. Zilizobaki, elfu ishirini na tatu, zilikuwa mikononi mwa watu, na kazi yake siku ya Alhamisi ilikuwa kujua ni mikono ya nani.

Alianza na ofisi ya mikopo, saa mbili asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa. Alikuwa amebeba bahasha nene. Jioni iliyotangulia Denge wa saiba, duka la kompyuta, alikuwa amemchapia karatasi za M-Pesa za miezi kumi na miwili, kurasa thelathini na moja, na Fahmo alizitazama kama mtu anayetazama mifugo yake ikirudi. Kila lita ilikuwa mle. Kila shilingi aliyomtumia Sharamo, mfugaji wa Korbesa, na kila shilingi iliyotoka kwa Hersi. Nani angeziona karatasi hizo aseme huyu mwanamke hafanyi kazi?

Afisa wa mikopo alikuwa kijana mpole anayeitwa Kinyua, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

"Mama, kitambulisho."

"Kinakuja."

"Kinatoka wapi?"

"Kinatoka kwenu, serikali."

"Mimi si serikali, mama. Mimi ni wa mikopo tu."

Fahmo akamweleza mbio mbio, amesimama. Alizaliwa Bula Hawo, ng'ambo ya mpaka wa Mandera. Akaolewa na Abass, dereva wa lori, Msomali wa hapa hapa Isiolo ambaye babu yake aliletwa na Mwingereza akiwa askari. Akaja akiwa na miaka kumi na tisa. Abass akafa, Mungu amrehemu, mtoto akiwa na miaka minne. Faili la kitambulisho likaingia kwa kamati ya kuwachuja waombaji, kamati ikaomba cheti cha ndoa, cheti kikapelekwa, kamati ikabadilishwa. Miaka kumi na minne sasa! Faili lina mvi nyingi kuliko yeye.

"Una karatasi ya mshahara?"

"Mshahara nijilipe mimi? Shika hii." Akamsukumia bahasha.

Kinyua akafungua. Akasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, akaanza kutikisa kichwa kwa kupendezwa. "Hii ni biashara safi kabisa. Hakuna siku imelala." Kisha macho yakapanda juu ya ukurasa. "Magdaline Kendi ni nani?"

"Ni mimi. Si mimi. Laini ni jina lake, namba ni yangu. Piga hiyo namba uone nani atashika."

Hapo ndipo kosa lake lilipokuwa, na halikuwa kosa la mjinga. Kutoka Korbesa mpaka Eastleigh namba ile ilijulikana kuwa ya Fahmo wa maziwa, na yeye aliamini kwamba namba ndiyo mtu. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mahali ambapo jina lililoandikwa juu linakula namba na maziwa yote yaliyo chini yake.

Kinyua alirudi ukurasa wa kwanza, akaugeuza, akamtazama Fahmo.

"Mama, huyu Magdaline ni mteja wetu. Ana mkopo tayari. Na hizi karatasi... nimeshaziona hizi. Siwezi kusema zaidi."

"Umeziona wapi? Zimechapwa jana!"

"Siwezi kusema zaidi, mama. Leta mwenye jina mje naye."

Fahmo alitoka pale mbio. Alipanda boda mpaka Wabera, akakuta duka la Magdaline limefungwa. Alhamisi, bwana! Mama Kate huenda Meru kuchukua bidhaa, harudi mpaka alasiri. Fahmo alishika wavu wa dirisha, akachungulia. Ndani, nyuma ya kreti za soda, aliiona friza nyeupe ya Magdaline ikinguruma taratibu, kitambaa cha kufuma juu yake. Iliingia miezi mitano iliyopita. Siku ile Fahmo alimpongeza, akasema mashallah, akauliza pesa zimetoka wapi, akaambiwa ni za chama. Na yake ilipokufa, hapa ndipo alipokuja kwanza kuomba nafasi ya madumu mawili. Magdaline alisema maziwa yale yananuka moshi, yataharibu barafu za watoto.

Fahmo akaachia ule wavu. "Astaghfirullah, usimdhanie mtu vibaya," akajiambia, na miguu ikaendelea.

Alikwenda kwa Shangazi Awo, shangazi wa marehemu Abass, anayeshika ayuuto ya wanawake kumi na wawili. Kila mmoja anatoa elfu tatu kwa mwezi, na kila mwezi mmoja anazichukua zote. Zamu ya Fahmo ilikuwa ya kumi na moja. Mwezi huu ulikuwa wa Nasteha.

"Shangazi, nibadilishie zamu."

"Kaa kwanza unywe chai."

"Sikai, shangazi. Nibadilishie."

"Nasteha ameshaezeka paa. Unataka nipande niyang'oe mabati?" Bi kizee akacheka, kisha akaona uso wa Fahmo, akaacha. "Mwanangu, ayuuto haina riba, haina karatasi, haina afisa. Ina sharti moja tu. Ukila mapema, unaendelea kutoa mpaka wa mwisho naye ale. Hilo likivunjika, hatuna kitu."

Hata chai aliiacha. Adhuhuri alikwenda kupokea madumu yake kwenye gari la Korbesa. Kila dumu la Fahmo hufungwa kitambaa cha kijani shingoni, maana Sharamo hasomi na yeye mwenyewe husoma kwa shida. Alilipa, akayapeleka kwenye friza ya kukodi sokoni, na mwenye friza akamkumbusha kwamba kuanzia Jumatatu hana nafasi hata ya kikombe. Kila mtu anajua Ramadhani inakuja.

Basi akaenda kwa Kiugu.

Kwenda kwa Kiugu si jambo la kusimulia watu. Ni shailoki, mkopeshaji wa riba kubwa; chumba chake kiko nyuma ya soko, kimejaa televisheni, magodoro na mitungi ya gesi ya watu. Hakuuliza kitambulisho. Hakuuliza hata jina.

"Ishirini na tatu sasa hivi. Mwezi ukiisha, ishirini na tisa. Unaniachia nini?"

Fahmo alijua riba ni nini. Alijua pia kwamba Ijumaa ni kesho. Alisimama pale mkono juu ya simu yake, na nitasema ukweli kwa sababu yeye mwenyewe husema: alikuwa anataka kukubali. Alikuwa amechoka na watu wema wenye masharti. Kisha akaona, chini ya meza, kati ya redio na pasi, madumu manne ya maziwa yaliyofungwa kitambaa chekundu. Aliyajua. Yalikuwa ya Akolong, Mturkana waliyekuwa wakipanga foleni pamoja, aliyepotea sokoni mwaka jana na watu wakasema amehama.

"Nitarudi," akamwambia Kiugu. Kukopa harusi, kulipa matanga. Hakurudi.

Alasiri duka la Mama Kate lilikuwa wazi. Magdaline, mwanamke mnene wa sauti ya upole, alikuwa anapanga sabuni.

"Habari, Mama Abdi? Unatoa pesa?"

"Nimetoka ofisi ya mikopo. Karatasi zangu wameshaziona."

Sabuni moja ikaanguka. Magdaline hakuiokota. Alifungua mlango wa pembeni, akamwingiza Fahmo ndani, akafunga.

"Nilikuwa na shida," akaanza. "Kate alikuwa amefukuzwa shule kwa karo, duka limekauka. Mimi pia sina karatasi ya mshahara, unafikiri duka linaandika mshahara? Wakaniambia nilete za M-Pesa. Zangu zilikuwa aibu. Ile laini yako ni jina langu, nikaomba za ile. Afisa aliziangalia, akanipa mkono. Akasema, 'Mama, wewe ni mchapa kazi.'" Macho yakamjaa machozi. "Niliona haya, Mama Abdi, wallahi niliona haya." Mkristo wa watu, akaapa kwa kiapo cha Fahmo.

"Ukanunua friza."

"Nililipa karo, na nyingine nikanunua friza."

"Kisha ukaniambia maziwa yangu yananuka."

Fahmo alisikia hasira ikipanda, ya kuvunja vitu, na ndani ya hasira hiyo kulikuwa na kitu kingine kilichomshangaza: alifurahi. Kuna mtu mwenye shati la pasi aliyetazama miaka yake akasema huyu ni mchapa kazi. Ila alimpa mkono mtu mwingine. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo wanavyosema, lakini yeye alikuwepo! Alikuwepo kila siku, saa saba mchana, juani.

"Sikupeleki kwa chifu," akasema hatimaye. "Wewe ndiye uliyenipa laini wakati hakuna mtu angenipa. Lakini sikiliza. Hii ilikuwa ayuuto, ila mimi sikuambiwa. Wewe umekula zamu ya kwanza. Sasa ni yangu. Friza uliinunua bei gani?"

"Arobaini na mbili."

"Naichukua kwa hiyo hiyo. Elfu sita kila mwezi, miezi saba. Haiongezeki hata shilingi moja. Na inaondoka leo."

"Bado nina miezi saba ya deni pale, Mama Abdi. Ukikwama mwezi mmoja, ni mimi watakuja kushika. Utaweza kweli?"

Fahmo alimtazama.

"Waulize waliokukopesha. Wanajua ninavyolipa."

Magdaline aliinamisha kichwa. Kisha akaanza kutoa soda, moja moja, na barafu za watoto akaziweka kwenye beseni. Fahmo alimsaidia. Friza ilipokuwa tupu, alitoa kitambaa cha kijani mfukoni, akakifunga kwenye mpini wake. Akapiga simu mkokoteni uje. Akampigia Hersi, akamwambia Jumatatu lita sitini, inshallah, na Hersi akacheka, "Sawa, Magdaline." Fahmo akakata simu.

Malipo ya kwanza aliyatuma pale pale. Simu ya Magdaline ikalia juu ya kaunta. Magdaline akasoma kwa sauti, kama anavyowasomea wateja wake wote: "Umepokea shilingi elfu sita kutoka kwa Magdaline Kendi."

Wakatazamana. Magdaline akazima simu. Akavuta daftari la duka kutoka chini ya kaunta, akafungua ukurasa mpya, akashika kalamu, kisha akabaki ameishikilia hewani. Miaka sita alikuwa akimhudumia mwanamke huyu, na hakuwa amewahi kumuuliza.

"Jina lako lote ni nani?" akauliza.

Fahmo akavuta kreti ya soda, akaigeuza, akakaa.

"Andika pole pole," akasema. "Fahmo. Fahmo Warsame Guled."